Kadi ya Thelathini na Mbili

Zamu yangu huanza saa kumi na moja alfajiri.
Liepaja ina njia moja tu ya tramu:
naenda na kurudi, naenda na kurudi,
kama uzi wa fundi aliyesahau anashona nini.
Jioni navua viatu, nachemsha viazi,
kisha nateremsha kopo la biskuti juu ya kabati
na kuipakata dunia.

Leo kuna Taiwan: hekalu, na mbwa amelala mbele yake
kana kwamba ndiye aliyejengewa.
Kuna mzee wa Tampere asiyeandika ila hali ya hewa:
"Nyuzi nne. Mvua. Nyuzi tatu. Mvua zaidi."
Namwelewa kuliko jirani yangu wa ukutani.
Kuna Rayén, binti wa Chile,
mwandiko wake unalala upande kama nyasi penye upepo,
anauliza: huko kwenu mkate mnaula na nini?
Nilimjibu mpaka nafasi ikaniishia,
nikayazungusha maneno ukingoni kama pindo la kitambaa:
siagi, na samaki wa moshi, na kisibiti
kilichookwa humohumo ndani ya mkate mweusi.

Velga mleta barua ana goti bovu.
Hupanda mpaka ghorofa ya nne akinung'unika.
"Sanduku liko chini, Velga, si utumbukize tu?"
"Nimeshaisoma," husema, "nataka kujua utajibu nini."

Siku nyingine huleta bili ya kupasha nyumba joto.
Hiyo haina picha.

Watu husema asiyekujua hakuthamini.
Mbona nimehesabu nchi thelathini na moja
za watu wasionijua, waliolamba stempu kwa ajili yangu,
naye Raivis, niliyemnyonyesha,
niliyemshonea glavu kwa kamba ipitayo shingoni asizipoteze,
yuko Ireland anafungasha uyoga,
na simu yake hulia, hulia, hata mwanamke wa mashine
akanishukuru kwa subira.

Hatukugombana. Laiti tungegombana.
Ni kimya tu kilichoota, polepole,
kama kutu kwenye reli ya kando ya gereji,
ile isiyopitiwa na kitu.

Jumapili moja ya Februari, theluji imeziba dirisha,
nilichukua postikadi ya mji wetu: bandari, winchi mbili, kiwingu.
Nikaandika kama niwaandikiavyo wageni,
maana kwa mgeni najua pa kuanzia.

*Hujambo. Naitwa Skaidrite. Nina miaka sitini na mmoja.
Naendesha tramu. Napenda mapazia meupe na redio ya usiku.
Mvua ikikaribia, mguu wa kushoto huwa wa kwanza kupata habari.
Nina mtoto mmoja, mrefu, anaogopa nyuki.
Na wewe? Huko kwenu mkate mnaula na nini?*

Nikabandika stempu ya ndege, nikaitumbukiza
moyo usije ukaanza kufutafuta.

Machi ikapita. Aprili barafu ikayeyuka,
tramu yangu ikalirushia matope koti la mwalimu fulani,
nikaandikiwa onyo.
Mzee wa Tampere akaleta: "Nyuzi kumi na moja. Jua. Siamini."

Kisha asubuhi moja Velga akapanda ngazi bila kunung'unika.
Nikajua kabla hajafungua mdomo.
Basi la kijani, kondoo katikati ya barabara,
na nyuma, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye maboksi:

*Hujambo Skaidrite. Naitwa Raivis. Nina miaka thelathini na minne.
Nafungasha uyoga. Nyuki nimewazoea kidogo.
Mkate wa huku ni mweupe, laini kama sponji.
Naula na chochote, nikifumba macho.
Una kisibiti?*

Waraka ni nusu ya kuonana.
Nusu ya pili naifunga kwenye karatasi ya kaki,
gramu mia mbili, na kipande cha mkate juu yake,
naye Velga kaketi jikoni kwangu, goti juu ya stuli,
anasubiri nimalize fundo.