Lenzi ya Pauni Mbili

Dundee, Jumanne, baridi inang'ata masikio.
Nimetoka zamu ya usiku, kufua mashuka ya hospitali,
na badala ya kwenda kulala
nimepiga magoti makaburini,
lenzi ya pauni mbili jichoni,
pua karibu iguse jiwe la Euphemia Rattray.

Juu ya jina lake kuna doa la manjano:
kuvu na mwani, wameoana humo,
wanakula mwanga, wanakunywa ukungu,
milimita moja kwa mwaka, hawana haraka.
Wameshaimaliza E.
Sasa wako kwenye u.

Mama mmoja alipita na mbwa,
akanishika bega: "Pole, mwanangu."
Nilitaka kumweleza.
Nikasema asante.

Dada Mwanahija hupiga simu kutoka Tanga:
umejenga? umeoa? umenenepa angalau?
Sijajenga. Nina madaftari matatu yaliyojaa madoa.
Jana nikamtumia picha moja, basi tu.
Akanyamaza, nikadhani laini imekatika,
kisha: "Na hili dogo la pembeni, la rangi ya chungwa,
linaitwaje?"

Sikujua.
Ndiyo maana niko hapa, magoti yamelowa.