Daraja

Alikaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto,
magoti karibu yaguse kidevu,
daftari juu ya paja.
Nilikuwa nafundisha nusu, robo, thumni,
nikikata kitumbua kikubwa cha mchele kwa uzi.
Chaki ilinivunjikia mara mbili.
Hakucheka. Aliandika.

Jioni Bi. Bugtong akaniita ofisini.
"Pugong, yule Jomar umemuuliza mara sita.
Binti wa dirishani, hata mara moja."
Basi. Akarudi kwenye hesabu zake za madawati.
Nilitoka nimevimba kama unga wa hamira,
na usiku, kitandani, ndipo jina likanijia: Lourdita.
Asubuhi nikamuuliza yeye kwanza.
Thumni mbili ni robo, alisema,
kana kwamba alikuwa akilisubiri swali tangu Juni.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa Mwalimu Daraja la Kwanza,
daraja lisilonivusha mto wowote.
Yeye ndiye aliyekusanya vyeti vyangu,
kile cha warsha ya Baguio kilichoingia kutu ya pini,
barua ya wazazi, nusu sahihi, nusu dole gumba.
Kimbunga kikaja wiki ya mwisho.
Mlima ukaivaa barabara ya Lagawe,
na afisi ya elimu ilisema Ijumaa, haikusema mvua.
Akalitia faili langu katika mfuko wa mbolea,
akalikumbatia, akapanda kifusi kwa miguu.
Alirudi usiku, viatu mkononi.
"Wamepokea," akasema. Akaomba maji ya moto.

Karani ndiye aliyenifungua macho, miezi baadaye:
cheo hicho hakina nafasi shuleni kwetu,
ni lazima niende kule bondeni.
Alijua, Bi. Bugtong. Alijua tangu karatasi ya kwanza.
"Wakuu wengine," karani akanong'ona,
"mafaili ya walimu wazuri huyalaza kabatini
mpaka panya wayasome."

Siku yangu ya mwisho nilimkuta darasani mwangu,
miaka minne kabla ya kustaafu kwake,
ameshika ratiba ya darasa la tano, jina lake juu ya langu
kwa penseli.
Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata.
"Ule uzi," akasema, akivuta droo, "uliuweka wapi?"

Ulikuwa mfukoni mwangu.
Nikaukata nusu.