Basi

Zdislava alijikata Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi,
kidole cha shahada, mkono wa kushoto,
kwa kisu cha maabara kinachokata nyama
iliyogandishwa ndani ya nta.
Nje, Olomouc ilikuwa imelala chini ya theluji chafu ya Februari
na tramu ilikunja kona ikilia.
Alinyonya damu, akabandika plasta, akalaani kwa Kicheki
tusi ambalo marehemu mama yake
angemnyima chakula cha jioni kwa kulisikia.

Kisu kilikuwa kikali mno. Kazi ya Vrbenský hiyo.
Miaka thelathini alikuja na baiskeli kila mwisho wa mwezi,
jiwe lake ndani ya kopo la biskuti,
akijaribu makali kwa unywele wa utosi wake mwenyewe
("upara huu," husema, "nimeutoa sadaka kwa hospitali").
Ananoa, anasikiliza, ananoa.
Kisha ghafla anasita: *Dost.*
Silabi moja, anapangusa jiwe.
Ukizidisha, alimwambia, hunoi tena, unakula chuma.

Siku ya tatu kidole kiliwasha.
Chini ya plasta, usiku na mchana,
seli za ukingo huu zilitambaa kuzitafuta za ukingo ule,
zikizaana njiani, kwa haraka, kwa hesabu.
Siku ya tisa zilikutana.
Hakuna aliyepuliza filimbi.
Ziligusana tu, zikajua.
Likabaki kovu dogo lililopinda:
mkato mahali pa mkato.

Sheria yenyewe ni fupi, hata mtoto angeikariri:

Seli haijagawika
hukaguliwa hakika
nyuzi zilizokatika
ziungwe mle kiini.

Jirani akisukuma
hutulia ikakoma
ikiharibika nzima
hujizika kwa makini.

Lakini moja, siku moja,
mlinzi wake amesinzia mlangoni, waraka una kosa la herufi moja
na hakuna aliyeusoma, ikagawika na kosa lake, na mbili zikagawika
na nne hazikuuliza na jirani akasukuma zikamkanyaga
zikachimba mishipa yao wenyewe zinywe zisitosheke zisife
zisikumbuke kwamba zilikuwa tumbo

Kipande namba 4417 kilifika Alhamisi.
Alikikata kwa kisu kilekile.
Ukanda wa nta, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu,
ukaelea juu ya maji ya vuguvugu, ukajikunjua.
Rangi ya zambarau kwa viini, waridi kwa vilivyobaki.
Chini ya lenzi hapakuwa na safu.
Seli moja ilikuwa imenaswa katikati ya kugawika,
nyuzi zikivuta huku, na huku, na huku,
kama ndugu watatu na shuka moja.

Kisha akageuza fomu, jambo ambalo kwa kawaida hafanyi.
Vrbenský, Otakar. Miaka sabini na mmoja.
Kazi: mnoa visu, mstaafu.

Alikaa.
Daktari Hlaváč alipita mlangoni na kahawa yake,
akauliza kama ukanda umetoka vizuri.
Umetoka vizuri, alisema.
Hakuna mkunjo. Hakuna mchano hata mmoja.

Nilidhani adui huja na buti zake kutoka mbali,
alimwambia dada yake jioni, kwa simu.
Kumbe ni ya nyumbani. Ni yake mwenyewe,
imekulia kwake, imekula mkate wake.
Imesahau neno moja tu.
Dada yake akauliza, neno gani?
Zdislava alikuwa akilisugua lile kovu kwa kidole gumba,
taratibu, kama mtu anayejaribu makali.

Ijumaa aliwahi kazini kabla ya wenzake.
Akakipaka kisu mafuta, akakilaza kwenye sanduku lake,
akarudi kwenye lenzi, ilhali jibu lilikwisha andikwa,
akapitia kioo kizima, kona hadi kona,
akitafuta seli moja,
hata moja,
iliyosita.