Mruko wa Nne, Nitra

Mara ya kwanza niliganda mlangoni,
mita elfu nne juu ya Slovakia,
vidole vimeng'ang'ania chuma kama kupe.
Radovan hakunisukuma. Alifunga mlango,
nikashuka na ndege, kitako,
kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Mara ya pili niliruka, kweli,
ila nilijikunja kama mtoto tumboni
na anga ikanizungusha:
mto, jua, mto, jua, kiatu changu.
Akanidaka kwa mkanda.
Chini akaandika daftarini neno moja: Tena.

Mara ya tatu parachuti lilifunguka vizuri.
Niliambiwa kulia, nikavuta kushoto.
Nikatua katika alizeti za bwana Ondruš,
aliyekuja na reki, akahesabu mashina niliyovunja,
kumi na tisa,
ndipo akauliza kama kifundo kinauma.

Kiliuma. Wiki sita nilichonga meno ya bandia
mguu juu ya ndoo,
na mama kwenye simu:
Ardhi imekukosea nini, Bohdana?

Leo Septemba. Woga umo,
umekaa nami kwenye benchi, umefunga mkanda wake.
Mlango unafunguka, baridi inanikaba shingo.
Natanguliza kifua, naliachia tumbo,
na hewa, niliyoidhani utupu miaka yote,
inanibeba.

Shamba lile limevunwa, mabua matupu.
Kulia. Kulia ni mkono wenye saa.

Natua kwa makalio,
lakini ndani ya duara.
Radovan anafungua daftari,
anajipapasa mifukoni, anatafuta kalamu.