Usiku wa Tarehe Thelathini

Juni inaisha saa sita usiku,
na foleni ya saiba yangu hapa Luanda
imefika kwa fundi wa viatu.
Mimi ni vidole tu. Watu huja na nyuso,
nami huzigeuza tarakimu.

Mwaka jana Kagehi wa mbao alikuja akicheka:
bintiye kaajiriwa uuguzi, zahanati ya Emuhaya.
"Andika zote," alisema, "hata za vumbi la msumeno."
Nikaandika. Akalipa kama atoaye sadaka.

Leo ana tope hadi magotini.
Askari wa soko wameubeba msumeno wenyewe,
choo tulichoahidiwa bado ni shimo na mabati mawili,
na bintiye, mwezi wa nne huu, hajaona mshahara.
Daftari ni lilelile. Mbao ni zilezile.
"Andika nusu."
Nikamkumbusha faini. Akanitazama
kama mtu anayetishiwa mvua naye keshalowa.

Nikaandika nusu.
Alitabasamu, tabasamu la aliyelipiza,
likamtoka usoni kabla sijabonyeza.
"Ngoja." Akakaa. Akavua kiatu, akakung'uta tope.
"Hiyo nusu nyingine...
mshahara wa mtoto si hutoka humo?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yake watu wakaguna,
saa inakwenda.
Akaninong'onezea tarakimu ya tatu,
si ya furaha, si ya hasira.
Nikaibonyeza.

Akanipa mia mbili zangu. Hakudai risiti.
Sikumpa.
Mwaka wa sita huu, sijaziandika popote.