Shibiri Mbili

Gereji hii uliijenga wewe, Salmin,
kwa ajili ya ile Datsun ya samawati
iliyokohoa kila ikikata kona ya Barani.
Hukupima kwa futi. Ulinyoosha mikono, ukasema,
"Pima moja na nusu yatosha,
gari si ng'ombe, halinenepi."

Limenenepa.
Binti yako ameliagiza, limeshushwa Mombasa,
jeupe, pana, makalio kama jokofu la hoteli.
"Mama, barabara za huko ni mashimo,
nataka ukae juu."
Haya, nakaa juu. Naona ua wa Bi Zena,
sufuria zake, na kanga aliyosahau kuianua.
Magurudumu yangu mwenyewe siyaoni.

Siku ya kwanza nililiingiza kwa kichwa,
bismillahi kila unyayo,
nikazima, nikashukuru.
Mlango ukafunguka upana wa mkate wa mofa.
Mkono ulipita. Mwenye mkono hakupita.
Nikavua viatu, nikaparamia viti,
nikatokea nyuma, buibui limenifunika kichwa,
na Kahindi wa jirani amesimama na andazi lake.
Akaniuliza kwa adabu zote,
"Shikamoo nyanya. Ndiyo umezaliwa?"

Usiku sikulala kwa kucheka, kisha kwa kuwaza.
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mkunga.
Nimewapokea waliotanguliza miguu, waliotanguliza makalio,
na mmoja aliyetoa mkono kwanza
kama mwanafunzi mwenye swali.
Sikumvuta hata mmoja kwa hasira.
Basi na hili lije kinyumenyume, tutaonana.

Kahindi akaniletea mpira wa tenisi uliochakaa
kutoka kwa binamu yake anayefagia viwanja vya Wataliano.
Nikautoboa kwa msumari wa moto,
nikapitisha kamba, nikauning'iniza kwenye boriti:
ukibusu kioo cha nyuma, simama.
Godoro la zamani nimelikata vipande,
nimelipigilia ukutani, mlango utakapofikia.
Sakafuni mstari, kwa rangi iliyobaki ya geti,
kando ya doa la mafuta ya Datsun,
ambalo sijalisugua.

Hesabu ni hii: gari lisikae katikati.
Upande wangu shibiri mbili, nipite na mwili wangu;
kushoto vidole sita, huko hapiti mtu.
Lakini kushoto ndipo ilipotundikwa baiskeli yako.

Nimeishusha.
Imeegemea kabati la vyombo sebuleni.
Wageni wanaizunguka, hawaulizi.

Sasa kila jioni ni hivi. Wa kushoto washuke kwanza.
Kahindi husimama chini ya mwarobaini,
kando, siyo nyuma. Nimemwambia,
"Nisipokuona kwenye kioo, hatuendi popote."
Njoo, nyanya. Njoo. Kata kulia. Zaidi. Nyoosha.
Nakunja masikio ya gari, naondoa mguu kwenye mafuta,
nakanyaga breki kama anayekanyaga yai.
Likipinda, natoka nje upya.
Kutoka si aibu. Aibu ni kulazimisha.
Njoo... njoo... mpira huo... basi!
Breki ya mkono. Kimya.
Na asubuhi, kabla ya kuwasha,
nagonga boneti mara mbili:
paka wa mtaa huu wanapenda penye joto.

Alhamisi nilikuwa na haraka. Simu ililia,
Kahindi alikuwa madrasa ya kina Awadh kuangalia mpira,
nikajiambia nalijua.
Ukuta wako, Salmin, haukusogea.
Mkwaruzo urefu wa kiganja, ubavu wa kushoto,
chokaa juu ya weupe,
usipotafuta huuoni.

Jana binti yako kaandika:
"Mama, nitumie picha, nilione limekaaje."
Nimempigia nzuri sana, na jua limeingia,
na mpira unaning'inia kama embe.

Upande wa kulia.