Macho ya Ijumaa

Kizuri chajiuza; mimi natafuta kilichoshindwa kujiuza.
Jumamosi, umande ungali juu ya nyasi za uwanja wa maonyesho,
nainama na tochi juu ya masanduku ya watu wa Akron
kama anayechambua mchele,
ila mimi natupa mchele, nabakiza chuya.

Namtafuta Orvo, kindi zimamoto wa katuni za utoto wangu,
mpira mtupu ndani, mkia juu, kofia nyekundu.
Orvo asiye na kosa hakuna anayemkosa.
Mimi ninaye aliyebandikwa mkia kifuani.
Ninaye ambaye jina lake, chini ya unyayo, ni ORVVO,
kana kwamba aliyechonga kalibu alikuwa na kigugumizi.
Ninaye ambaye ukimminya filimbi yake hailii,
inashusha pumzi tu,
kama mtu aliyeketi baada ya kusimama siku nzima.

Darlene, mke wangu, aliwahi kuuliza
kwa nini nalipa zaidi kwa kilichoharibika.
Nilijibu kitu kuhusu uchache.
Hakuuliza tena. Alinipa rafu iliyo juu ya mashine ya kufulia.

Aliyenikosesha usingizi ni huyu:
macho yote mawili yanatazama kushoto.
Dola mia nne na kumi.
Ninao sita wa namna hii, na wote kisiginoni
wamepigwa muhuri wa namba tano.
Niliamini ni siku ya tano ya kazi, Ijumaa jioni,
na kwamba ukutani, upande wa kushoto, palikuwa na saa,
na mpakaji alipaka alichokuwa akikifanya.
Niliandika hivyo daftarini. Kwa wino.

Kisha nikampata Bi Ilonka Szabados, miaka tisini na mmoja,
katika nyumba ya wazee nyuma ya kanisa la Wahungaria.
Macho, alipaka yeye, miaka kumi na mmoja.
Nikamwekea Orvo mkononi.
Nikamuuliza saa ilikuwa upande gani.

"Saa? Saa alikuwa nayo msimamizi, mfukoni.
Sisi tulilipwa kwa dazeni."

Akamgeuza. Akamnusa utosini kama mtoto mchanga.
Kisha uso ukamkunjamana:
"Huyu nani kamwachia apite?"
Na kabla sijafungua mdomo
alikwisha kuokota mezani kalamu nene ya bingo,
ya zambarau,
akang'oa kifuniko kwa meno.

Dola mia nne na kumi zikanikwama kooni.
Ningeweza kumshika kifundo cha mkono;
kilikuwa chembamba kama mshikio wa kikombe.
Sikumshika.
Mkono ulitetemeka juu ya ule uso mdogo,
ukasita, ukashusha bega kwanza,
ukashuka.

Jicho la kulia sasa linatazama dari.

Akalipuliza likauke, mara mbili, fupi fupi.
Akamweka kando, pale ambapo zamani
nadhani palikuwa na trei,
akafungua kiganja bila kunitazama:
"Lete mwingine."

Jumanne narudi. Nimewafunga watano kwa gazeti.
Darlene ameniuliza nawapeleka wapi.
Nimemwambia wanarudi kazini.